Hodi ya Msoma Mita

Saa tatu asubuhi geti la ploti yetu hapa Kibomet, Kitale, hugongwa kwa sarafu. Anayeishi humu hagongi. Huingiza mkono kwenye tundu akajifungulia komeo. Kwa hiyo mlio huo wa chuma kwa chuma hutuambia sote kwamba aliye nje ni mgeni, na mbwa wa nyumba ya kwanza huanza kubweka. Saa hiyo wengi wako kazini. Aliyebaki ni mama anayefua, au kijana aliyetoka zamu ya usiku, au mtoto mwenye homa aliyeachiwa simu. "Watu wa maji! Tumekuja kusoma mita." Uamuzi wa kufungua au kutofungua unafanywa papo hapo, na mara nyingi unafanywa na mtu ambaye jina lake haliko kwenye bili.

Mwaka 2024 hodi ya namna hiyo ilimgharimu nyanya yangu shilingi 1,500. Anaishi Musikoma, nje kidogo ya mji wa Bungoma, na sisi wajukuu tunamwita kukhu. Kijana alifika amevaa riflekta na kofia ngumu, akamwamkia kwa heshima, "Mulembe, kukhu," akakaribishwa kiti na chai. Akamweleza kwamba mita yake ya tokeni ingezimika mwezi wa Novemba, na kwamba angemwingizia namba mpya hapo hapo, alipe tu ada. Kukhu alitoa pesa za mbolea. Kijana akabonyezabonyeza kibodi ukutani, akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Ukatili wa uongo ule ni kwamba ulibebwa na habari ya kweli. Mita za tokeni, hapa kwetu na ng'ambo, zilikuwa zikitambua kila tokeni kwa hesabu ya muda iliyoanzia 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haingesasishwa kufikia siku hiyo isingepokea tokeni mpya. Kenya Power ilitangaza jambo hilo redioni na kwenye magazeti. Lakini dawa yake haikuhitaji mtu kuja nyumbani. Mteja alinunua tokeni kama kawaida, akapokea kwenye simu mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kusasisha mita, la tatu lenye uniti alizolipia. Akayaingiza mwenyewe, kwa mpangilio huo, bila ada yoyote. Kijana aliyekunywa chai ya kukhu alikuwa amesikiliza redio ile ile, akaacha sehemu inayosema ni bure.

Nilipompigia kumuuliza kwa nini hakudai kitambulisho, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Ningemdaije mtoto wa watu kipande, naye amekuja kwangu kwa wema?"

Neno hilo, kipande, limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Kukhu ni mtoto wa kibarua wa mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, mahindi haya haya yanayoizunguka Kitale. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyekiomba alikuwa bwana shamba au askari. Aliyekitoa alikuwa baba yake kukhu, amesimama, kofia mkononi. Kwa mtu aliyelelewa na kumbukumbu hiyo, kudai karatasi ni tendo la mwenye nguvu dhidi ya mnyonge. Mwanamke mzee kumdai karatasi kijana mwenye kofia ngumu ni kama kuupindua ulimwengu.

Nami nasema ulimwengu huo tayari umepinduliwa, na ni vyema wazee wetu waambiwe hivyo waziwazi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu: nyumba yake isipekuliwe ovyo, na habari za familia yake zisidaiwe pasipo sababu. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo ya kutosha kuhusu huduma anayoilipia. Siku hizi anayepaswa kutoa kipande ni yule aliye nje ya geti, hata awe amevaa nini. Riflekta inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kofia ngumu pia.

Kwa upande wa stima, kumtambua mgeni hakuhitaji simu ya bei. Ukibonyeza *977# hata kwenye simu ya kabambe, utapata menyu ya Kenya Power, na humo mna huduma iitwayo Jua For Sure. Unaingiza namba ya kazi ya mtu huyo au ya kitambulisho chake, nayo inakujibu kama anatambulika. Kwa upande wa maji njia ya uhakika ni kupiga namba ya ofisi iliyochapishwa kwenye bili yako ya zamani. Usipige ile anayokusomea mgeni mwenyewe. Muulize pia namba ya akaunti na ya mita anayoitafuta. Msomaji wa kweli anazo kwenye orodha yake kabla hajakanyaga uwanja wako. Na pesa zisipite mkononi hata kidogo. Bili na tokeni hulipwa kwa njia rasmi kama Paybill, na mfanyakazi wa kweli analijua hilo kuliko wewe.

Ila sitaki mtu amalize kusoma haya akapige komeo la pili getini. Madhara ya kutofungua nayo nimeyaona. Kwa stima, wengi wetu tumehamia tokeni, hasa waliounganishwa chini ya mradi wa Last Mile ulioanza 2015 kwa ada ya shilingi 15,000, kwa hiyo msomaji wa stima anapotea taratibu. (Waliobaki na mita ya bili wanaweza kuisoma wenyewe na kutuma namba kupitia menyu hiyo ya *977#.) Wa maji bado anatembea. Kampuni ya maji ya Nzoia, iliyozaliwa na mageuzi ya Sheria ya Maji ya 2002, iliziweka Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili chini ya ofisi moja, na katika miji yote hiyo kazi ni ile ile: mtu kwa miguu, nyumba hadi nyumba, msimu wa mvua matope yakifika kwenye vifundo. Mita nyingine imefukiwa na udongo, nyingine imepandiwa mahindi juu yake, na kisanduku kikifunguliwa siafu wametanda kwenye kioo. Halafu mbwa. Nimemwona msichana wa kazi hiyo amekwea ukuta wa ploti jirani, daftari kifuani, akimsubiri mwenye mbwa atoke bafuni.

Geti likifungwa, mita haisomwi, na isiposomwa bili huandikwa kwa makadirio. Wengi hufurahia makadirio madogo. Tuchukue nyumba inayotumia uniti 14 kwa mwezi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo hizo ni lita 14,000, mitungi 700 ya lita 20. Makadirio yakiwekwa 8 kwa miezi mitatu, uniti 18 zinabaki zikimsubiri mwenye nyumba. Mwezi wa nne msomaji akifaulu kuingia, bili inasema 32. Na kwa kuwa bei ya maji hupanda kwa ngazi kadiri matumizi yanavyoongezeka, uniti hizo zikiangukia mwezi mmoja zinaweza kutozwa kwa bei ya ngazi ya juu. Mwenye nyumba anakwenda ofisini na hasira, akidai kuibiwa, wakati geti lake mwenyewe lilikuwa na kufuli. Akionyesha tarehe na namba alizoandika, ana msingi wa kudai bili igawanywe kwa miezi husika. Asipokuwa nazo, ana hasira tu.

Mwaka jana msomaji wa maji alitufaa kuliko tulivyostahili. Bili ya ploti ilikuwa imepanda mara mbili, tukaanza kushukiana: nani anaoshea bodaboda wateja wake, nani anafulia ndugu zake. Yule bwana alituomba tufunge mifereji yote. Tukafunga. Akainama, akafuta kioo kwa kidole, akatuita tutazame. Kwenye mita ya maji, tarakimu nyeusi ndizo zinazohesabu uniti. Nyekundu ni vipande vya uniti. Na kando yake kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yakipita tu. Kilikuwa kinazunguka, taratibu, bila mtu kutumia tone. Tangi la choo cha nyuma lilikuwa linavuja usiku na mchana. Uvujaji wa aina hiyo, upande wa ndani wa mita, hulipwa na mwenyeji. Nje ya mita nako hali ni mbaya: ripoti za WASREB, msimamizi wa huduma za maji, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaingizi mapato, kwa kuvuja, kwa kuibwa na kwa mita zisizosomwa sawasawa. Mama mmoja wa ploti alitazama kigurudumu kile, kisha akamtazama jirani yake, akasema, "Nisamehe." Walikuwa hawajasalimiana wiki mbili.

Mwezi wa Aprili nilikwenda Musikoma. Ukutani, kando ya kibodi ya tokeni, kukhu ametundika kalenda ya kanisa, na kila mwisho wa mwezi mna namba kwa penseli. Mjukuu wa darasa la sita ndiye humsomea mita ya maji, kukhu huandika. Siku ya pili ya kukaa kwangu, hodi ilibishwa. Kijana wa maji, riflekta, daftari. Kukhu alitoka hadi mlangoni, akamjibu salamu, akanyoosha mkono.

"Kipande, mwanangu."

Kijana akakivua shingoni, akampa kwa mikono miwili. Kukhu hasomi maandishi madogo, kwa hiyo alinipa mimi, nikalinganisha picha na uso, nikapiga namba iliyo kwenye bili. Wakathibitisha. Tulipofika kwenye mita kijana akachuchumaa, na kukhu akawa amesimama nyuma yake na kalenda.

"Mia nne kumi na mbili," kijana akasema.

"Ndiyo," akasema kukhu. "Mwezi jana ilikuwa mia tatu tisini na nane. Andika, kisha uje unywe chai."