Kwa nini sauti za kutuliza akili hazimfai kila mtu



Dada yetu mmoja wa Fukayosi, wilaya ya Bagamoyo, ametuletea swali ambalo tunaamini si lake peke yake. Miezi michache iliyopita alikuwa abiria wa bodaboda iliyogongwa kwenye barabara ya Bagamoyo–Msata. Mguu umeunga, alhamdulillah, lakini usingizi umepotea. Binamu yake wa Dar es Salaam akamtumia kwa WhatsApp sauti ya dakika 20. Ndani yake mtu anazungumza polepole, anakwambia ufumbe macho, ufuatilie pumzi zako, kisha ujione unatembea ufukweni huku mawimbi yakija na kurudi. Binamu mwenyewe imemsaidia sana. Dada yetu aliisikiliza siku tatu. Usiku wa tatu moyo ulimwenda mbio, pumzi zikambana, akaisikia ile honi ya siku ya ajali kana kwamba iko chumbani, akatoka mbio mpaka uani. Sasa mama mkwe anasema ana jini lililokataa kutulia. Jirani anasema ni upungufu wa imani. Naye anauliza: nina tatizo gani, na je, nimepata dhambi kwa kuisikiliza?

Hili la dhambi tulimalize mapema. Kupumua taratibu na kulegeza viungo ni katika mambo ya mwili, kama kukandwa au kunyoosha mgongo, na asili ya mambo hayo ni kuruhusiwa. Baadhi ya sauti hizi zimechanganywa na maneno ya ibada za dini nyingine, au zinamwambia msikilizaji auombe ulimwengu umpe anachotaka. Hayo Muislamu anayaacha. Kama kuna muziki, kauli za wanazuoni zinajulikana, na zisizo na muziki zipo nyingi. Tunaongeza jambo dogo: wako wanaoita zoezi hili “tahajudi”. Kwetu sisi tahajudi ni swala ya usiku, na kulipa jina hilo kumewachanganya wengi, mpaka mtu akidhani ameshindwa ibada kumbe ameshindwa kusikiliza simu.

Tuje kwenye kiini cha swali. Kwa nini kitu kimoja kimlaze binamu na kimkimbize dada yetu?

Kwanza ni kufumba macho. Mtu ambaye moyo wake umetulia akifumba macho anaona giza na kupumzika. Aliyepatwa na ajali, au aliyewahi kupigwa, au aliyefiwa ghafla, akifumba macho mara nyingi analiona lile tukio. Mchana alikuwa akilizuia kwa kazi, kwa watoto, kwa kelele za barabarani. Ile sauti imemwambia aviache vyote vilivyokuwa vikimsaidia kulizuia, halafu ikanyamaza nusu dakika. Katika ukimya ule ndipo honi ilipolia.

Pili ni pumzi. Aliyewahi kubanwa na hofu anaogopa pumzi zake mwenyewe. Ukimwambia azichunguze, anazichunguza kama mtu anayesikiliza nyayo za mwizi. Akianza kuvuta hewa nyingi na kwa haraka, hewa ya kaboni hupungua kwenye damu, na hapo huja kizunguzungu, ganzi za vidole na mdomo, na kuhisi kama anakata roho. Hayo yote ni kazi ya mwili, na hayana haja ya jini. Mwenye pumu naye anaweza kuteseka kwa njia hiyo hiyo. Na mwenye maumivu ya kudumu, kama wagonjwa wa selimundu, akiambiwa apitishe fikra zake kwenye kila kiungo, atakachokuta huko ni maumivu.

Tatu ni picha. Mwaka 2015 Profesa Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alilipa jina la afantasia hali ya watu ambao hawawezi kabisa kuona picha akilini. Ukimwambia mtu huyo “jione ufukweni” hapati kitu, kisha anajilaumu. Wengine picha wanaipata, ila si ile iliyokusudiwa. Aliyetunga sauti ile aliuona ufukwe kuwa ni mahali pa mapumziko. Fukayosi ni kijiji cha mashamba na barabara, na wengi wao ufukweni huenda kwa shughuli. Na kwa wavuvi wa Bagamoyo bahari ni kazi, na kwa baadhi ya familia ni kaburi. Nani atamwambia aliyepoteza jamaa kwenye MV Spice Islander, usiku wa Septemba 2011, atulize moyo kwa sauti ya mawimbi?

Wala haya si maneno yetu tu. Mwaka 1983 watafiti Heide na Borkovec wa Marekani waliandika kuhusu watu wenye wasiwasi ambao wasiwasi wao uliongezeka pale walipofundishwa kujilegeza. Mwaka 2017 Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao walichapisha utafiti juu ya Wabudha wa nchi za Magharibi wanaofanya meditesheni pamoja na walimu wao, wakaorodhesha aina 59 za mambo yaliyowapata, zikiwemo hofu na kukosa usingizi. Watu wale walikuwa wazoefu, na wengine walimu kabisa. Basi asione haya mtu aliyeanza juzi kwa simu ya kuazima.

Ni vizuri pia kujua kanda hizi zilianzaje. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu yake mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, wagonjwa walipewa kanda za kusikiliza nyumbani, lakini kanda zilifuatana na darasa la wiki kadhaa na mwalimu aliyewajua. Baadaye kanda ikaachana na mwalimu, ikaingia kwenye simu, ikasambaa duniani. Sauti iliyorekodiwa haimuoni anayeisikiliza. Haijui kama amelala, analia, au amesimama uani usiku wa manane bila viatu.

Watu wa Bagamoyo wanalielewa hili kuliko wengi. Mji ule umekuwa kituo cha dhikri ya Kikadiria tangu zama za Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Wasomaji wetu wanatofautiana juu ya dhikri ile, na leo hatuingii huko. Tunachotaka kionekane ni kwamba katika halaka yuko anayeongoza, anawatazama watu usoni, na mtu akizidiwa wenzake wako pembeni yake.

Dini yetu yenyewe haikumpa kila mtu kipimo kimoja. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akajibiwa kwa hali yake: asimame, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Imepokewa na Bukhari. Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya kamba iliyofungwa baina ya nguzo mbili za msikiti, Bi Zaynab (r.a.) alikuwa akiishika anapochoka kuswali. Mtume (s.a.w.) akaamuru ifunguliwe, na kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Ikiwa nguzo ya dini inalegezwa kwa ajili ya mgonjwa, vipi tumlaumu mtu kwa kushindwa na sauti ya WhatsApp?

Kuhusu jini: tunaamini majini wapo, Qur'an imewataja. Lakini kuamini kuwapo kwao si ruhusa ya kumbandikia kila anayetetemeka. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi. Ya dada yetu inajulikana: ni ile ajali. Na tunasema hivi hata kwa kisomo cha ruqya kinachotumwa kwa simu. Mtu akikisikiliza akatoka jasho au akalia, hilo peke yake si ushahidi wa jini. Aliyefiwa karibuni anaweza kuisikia Qur'an akakumbuka msiba, akalia mpaka alfajiri, wala hajaikimbia Qur'an.

Dada yetu, iache sauti ile, na usijilazimishe. Ukitaka utulivu, ukae macho wazi, mlangoni panapopita hewa, miguu ikikanyaga chini, mikono ikiwa na kazi. Kama unajua kusuka ukili, suka. Kabla ya kulala leta tasbihi aliyofundishwa Bi Fatma (r.a.) na baba yake: 33, 33 na 34. Ina hesabu, ina mwisho, mwendo wake unaushika wewe, na hailazimu kufumba macho. Ikikuzidi ukaishia 10, umemtaja Mola wako mara 10.

Lakini usiishie hapo. Kukosa usingizi na kulirudia tukio kwa miezi baada ya ajali ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Nenda zahanati, uwaambie hivyo hivyo ulivyotuandikia, pamoja na habari ya honi, na uwaombe rufaa ya Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Ikibidi, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, au ukikesha siku kadhaa mfululizo, usisubiri siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza, na tunamuomba mama mkwe awe yeye.

Binamu hana kosa, alitaka kheri. Mara nyingine, kabla ya kutuma, ampigie simu kwanza amuulize: “Ukifumba macho unaona nini?”

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.