Plagi Kuukuu na Elimu ya Fizikia

Katika kaunti za Kitui na Makueni yapo madarasa mawili ya fizikia. La kwanza lina ubao na chaki. La pili liko chini ya mti, katika gereji za jua kali za Mwingi, Wote, Emali na Kibwezi. Linalonisikitisha ni kwamba madarasa haya hayajuani, ilhali somo lao ni moja.

Itazame plagi ya gari la petroli. Koili huzipokea volti 12 za betri na kuzipandisha zikawa maelfu kwa maelfu, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huikariri kwa ajili ya mtihani. Katika mwanya wa plagi, hewa hunyang'anywa elektroni zake ikageuka plazima, hali ile ile ya umeme wa radi. Hiyo ndiyo cheche iwashayo petroli.

Wajapani wamepiga hatua zaidi. Mjini Kobe, kampuni ya Imagineering imetafiti njia ya kuielekezea cheche hiyo mawimbi ya maikrowevu, jamii ya yale yanayopasha chakula moto jikoni. Elektroni hufyonza nguvu ya mawimbi, plazima ikatanuka, na moto ukashika hata petroli inapokuwa haba kuliko kipimo cha kawaida, yaani kilo 1 kwa kilo 14.7 za hewa. Lengo ni kupunguza matumizi ya petroli na moshi.

Yupo atakayeuliza: Ukambani, penye kiu ya maji, pana haja gani na mambo ya Kobe? Namjibu kwamba hata pampu za petroli zinyweshazo mashamba kandokando ya mto Athi huwashwa kwa plagi. Tena magari yaliyotumika ng'ambo huingia nchini mwetu kila mwaka, pamoja na ufundi wake. Ufundi huo ukifika pasipo mjuzi, atakayegharimika ni mkulima na dereva.

Kwa hiyo nawasihi walimu: plagi kuukuu haina bei. Ipelekeni darasani, mkamwalike fundi aeleze anavyoitambua iliyochoka. Kisha mwanafunzi amweleze fundi, kwa Kiswahili, ni kwa nini cheche huruka. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, chaweza kuwa mwenyeji wa mikutano kama hiyo. Hapo ndipo vijana wetu watakapoipokea injini mpya kama wajuzi, si kama watazamaji.