Unapanda Kilimanjaro? Siku ya pili Horombo usiiruke

Kila Desemba 9 inapokaribia, stori za kupanda Mlima Kilimanjaro zinarudi. Ndiyo tarehe ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni, na sisi wa Mara, nyumbani kwa Mwalimu, habari hiyo tunaihesabu kuwa ya kwetu pia.

Kama wewe na wenzako hapo Mukendo mmeanza kuchanga, najua mnachowaza ni picha ya kileleni. Ila kiukweli, wengi mlima unawaamulia mapema zaidi, kwenye zile siku za kutembea kwenda Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Tuchukue njia ya Marangu, ambayo unalala kwenye vibanda vyenye vitanda badala ya mahema. Lango lipo karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza unapita msituni, mbega wakikuangalia juu ya miti, hadi Mandara, mita 2,720. Siku ya pili miti inaisha, unafika Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu unavuka uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, upepo na vumbi tu, hadi kibanda cha Kibo, mita 4,720. Huko hakuna chemchemi. Maji yanabebwa na wapagazi kutoka chini.

Sasa piga hesabu. Musoma tupo mita 1,100 na kidogo. Ndani ya siku tatu za kutembea umepanda zaidi ya mita 3,500. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku mmoja hadi mwingine usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala. Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 kwa mkupuo, yaani mara mbili ya kiwango hicho.

Shida ni nini hasa? Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21 kama ya hapa, ila shinikizo lake limepungua. Ukiwa Kibo, kila pumzi inakupa zaidi kidogo ya nusu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni Dar. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, na siku haziharakishwi na mazoezi. Jamaa wa gym anaumwa kama mwingine yeyote, tena mara nyingi yeye ndiye anayetangulia mbio.

Ndiyo maana kuna siku ya ziada Horombo. Asubuhi mnapanda hadi miamba ya Zebra Rocks, kama mita 4,000, mnakaa kidogo, mnarudi kulala pale pale. Panda juu, lala chini. Ukiitazama kwenye bei unaona kama umelipia kupumzika, kwa sababu ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku, na safari ya siku tano inakuwa rahisi kuliko ya siku sita. Hapo ndipo watu wanapobana matumizi. Mimi ningebana kwenye koti, nikakodi la mtumba.

Wenzetu wanaokwenda Everest, kama Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele chake mwaka 2012, hawaendi kwa spidi yetu. Kutoka Lukla, karibu mita 2,860, hadi kambi kuu iliyo mita 5,364, kwa kawaida watu hutembea siku nane hivi, mbili kati yake za kuzoea hewa.

Kingine, usifiche kichwa kinachouma. Watu wanaficha kwa sababu wamechangiwa, wameshaaga kwenye magrupu, wanaona aibu kurudi. Kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula kutopita na usingizi kukata ni dalili za mwanzo. Mwambie kiongozi, usipande zaidi mpaka zitulie. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuongea visivyoeleweka, au kuhema hata ukiwa umekaa, hiyo inaua, na tiba yake ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Dawa za kuzuia zipo, ila ongea na daktari kabla ya kuondoka Musoma.

Kutoka Kibo mnaamshwa karibu saa 5 usiku na kuanza kupanda saa 6 kwa tochi, changarawe ikiteleza chini ya miguu, hadi Gilman's Point kwenye mita 5,685, halafu Uhuru, mita 5,895. Mchana huo huo mnashuka hadi Horombo kulala, na ile sahani iliyokushinda juzi, leo utaomba nyongeza.