Je, Wajua? Kiu, wali na jirani wa kitanda cha pili

Je, wajua kwamba wali mweupe, fahari ya Ifakara, ni rafiki wa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine kuliko ndizi? Mchele uliokobolewa una potasiamu na fosforasi kidogo. Ndizi, nyanya na dafu zimejaa potasiamu, nayo ikizidi kwenye damu, moyo huweza kusimama bila kupiga hodi.

Je, wajua viazi na magimbi havijapigwa marufuku moja kwa moja? Menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, kisha mwaga maji hayo. Potasiamu nyingi huenda nayo. Mama mkwe atasema utamu nao umemwagwa. Ana haki.

Je, wajua karambola, lile tunda ambalo ukilikata linatoa nyota, ni sumu kwa figo zilizofeli? Dalili ya mapema ni kwikwi isiyokoma.

Je, wajua mwaka 1943 huko Kampen, Uholanzi, daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu kwa ngozi bandia za soseji? Aliyepona wa kwanza alipatikana 1945. Kwetu Tanzania, figo ya kwanza ilipandikizwa Muhimbili mwaka 2017.

Je, wajua kiu huanzia kwenye chumvi? Kambale mkavu wa mto Kilombero uliyemla jana usiku ndiye anayekupeleka mtungini leo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na mizani hukusema kabla hujapanda kitandani.

Je, wajua mwalimu mzuri wa kiu yuko kitanda cha pili, humo humo kwenye chumba cha kusafishia damu? Kwa kawaida mashine ni saa 4, mara 3 kwa wiki, na mara nyingi sura ni zilezile. Kipeperushi kinasema “punguza maji”. Jirani anakuonyesha namna: kikombe kidogo badala ya bilauri, kusukutua na kutema, kunyonya kipande cha barafu (nacho ni maji, kihesabu). Binafsi ningewaalika kwenye soga hizo wapishi wa nyumbani pia, maana ndio wenye kopo la chumvi.

Ila jirani naye hukosea. Anayekojoa bado huruhusiwa maji mengi kuliko aliyekauka kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuiga kikombe cha mwenzako, muulize bila aibu: “Ndugu yangu, mkojo bado unatoka?”