Rey Mysterio: barakoa, mkanda na msiba wa Minneapolis

Mwanamieleka mfupi kuliko karibu wenzake wote alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2006. Njia iliyomfikisha huko ilipitia kwenye kifo cha rafiki yake, katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani.

Jumapili ya tarehe 13 Novemba mwaka 2005, kundi zima la wanamieleka wa kampuni ya WWE lilikuwa mjini Minneapolis. Mji huo na pacha wake, Saint Paul, wasikilizaji wetu wengi wanaufahamu kwa sababu ya maelfu ya Wasomali waliofanya makazi huko, na Wakenya nao si haba. Wanamieleka hao walikuwa warekodi vipindi viwili vya televisheni kwa jioni moja, kwani safari ya Ulaya ilikuwa mbele yao. Asubuhi hiyo Eddie Guerrero, mmoja wa nyota wao wakubwa, alikutwa ameanguka katika chumba chake cha hoteli. Aliyemkuta ni Chavo, mtoto wa kaka yake, ambaye naye alikuwa mwanamieleka. Eddie alikuwa tayari amefariki dunia, akiwa na umri wa miaka 38.

Onyesho halikuahirishwa. Jioni ile katika ukumbi wa Target Center, hadithi zote zilizokuwa zimeandaliwa ziliwekwa kando, kengele ikagongwa mara kumi, kama ilivyo desturi ya mchezo huo wa kumuaga marehemu, na wenzake wakapanda ulingoni kwa heshima yake. Miongoni mwao alikuwamo Rey Mysterio, aliyepambana na Shawn Michaels. Uso wake ulikuwa umefunikwa kwa barakoa, kama ulivyokuwa tangu utotoni mwake katika kazi hiyo, isipokuwa kwa miaka michache tutakayoieleza.

Ni vyema tukumbushe kwamba katika mieleka ya aina hii mshindi hupangwa kabla ya pambano. Mabishano ya vijana wetu katika vibanda vya video, Mombasa hata Goma, kama ni kweli ama ni maigizo, yana jibu hilo. Hata hivyo, kuanguka si maigizo. Goti linalopasuliwa ni goti la kweli, na mapigo ya moyo hayafuati maandishi ya mtunzi.

Thamani ya kitambaa

Barakoa, neno ambalo watu wa Zanzibar na Oman wamelitumia tangu zamani kwa kifuniko cha uso cha wanawake, ina heshima ya pekee katika mieleka ya Mexico. Salvador Lutteroth alianzisha kampuni yake ya mieleka katika Jiji la Mexico mwaka 1933, na mwaka uliofuata fundi viatu aitwaye Antonio Martínez alimshonea mpiganaji mmoja wa Kimarekani barakoa ya ngozi. Kutoka hapo likazaliwa jambo kubwa. El Santo, aliyevaa barakoa ya fedha kuanzia mwaka 1942, alikuwa shujaa wa ulingo na wa sinema, na alipofariki Februari 1984 alizikwa akiwa ameivaa. Mwenzake katika mapambano ya wawili wawili alikuwa Gory Guerrero, baba yake Eddie.

Mpiganaji anaweza kuiweka barakoa yake rehani dhidi ya barakoa au nywele za mpinzani. Akishindwa, huivua mbele ya watu, hutaja jina lake halisi, mahali alipozaliwa na miaka aliyofanya kazi. Kwa desturi hairudishi tena. Ndiyo maana pambano la namna hiyo huandaliwa kwa miezi au miaka, na malipo yake huwa makubwa.

Minneapolis ilikuwa na mila tofauti. Mji huo ulikuwa makao ya AWA, kampuni ya Verne Gagne iliyodumu kuanzia mwaka 1960 hadi 1991, na huko aliyefunika uso alikuwa mtu mbaya mwenye kuficha jambo. Mnamo Januari 1962 mtu aliyejiita Mr. M alimnyang'anya Gagne ubingwa. Alipovuliwa barakoa mwaka huohuo alionekana kuwa Bill Miller, daktari wa mifugo kwa elimu yake. Mwaka 1968 akafuata Doctor X, yaani Dick Beyer, ambaye Wajapani walikuwa wakimjua tayari kwa jina la The Destroyer. Watazamaji wa Minnesota walilipa kiingilio wakitumaini kuuona uso. Wale wa Mexico walilipa wakiomba usionekane.

Kijana wa mpakani

Rey Mysterio, jina lake halisi Óscar Gutiérrez, alizaliwa Desemba 1974 huko Chula Vista, California, karibu kabisa na mpaka. Alifunzwa na mjomba wake, Rey Misterio wa kwanza, mjini Tijuana upande wa Mexico, akaanza kupigana mwaka 1989 akiwa na miaka 14. Urefu wake ni takriban mita 1.68. Katika kazi iliyotawaliwa na majitu, alijijengea jina kwa kuruka.

Mwaka 1996 alijiunga na WCW, mshindani mkubwa wa kampuni ambayo leo ni WWE. Oktoba 1997, mjini Las Vegas, alipambana na Eddie Guerrero. Eddie aliweka rehani mkanda, Rey akaweka barakoa. Rey alishinda, na wajuzi wengi bado wanalihesabu pambano hilo kuwa miongoni mwa mapambano bora kabisa yaliyooneshwa na televisheni ya Marekani. Eddie aliujua uzito wa kitambaa kile. Naye aliwahi kupigana nchini Mexico akiwa amefunika uso, kwa jina la Máscara Mágica, kabla ya kuivua barakoa kwa hiari yake.

Februari 1999 wakuu wa WCW waliamua Rey avuliwe barakoa, katika pambano la wawili wawili ambalo upande wa pili uliweka rehani nywele za mwanamke aliyewasindikiza. Kilichochukua miaka kumi kujengwa kiliondoka kama bidhaa ya mnada. Rey mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hakuliafiki jambo hilo. Alipoingia WWE Julai 2002 aliirudisha barakoa usoni, kinyume cha desturi, na si wengi waliolalamika.

Baada ya msiba

Miezi miwili na nusu baada ya usiku wa Target Center, Rey alishinda Royal Rumble, pambano la watu 30. Aliingia wa pili, akabaki ulingoni kwa zaidi ya saa nzima. Tarehe 2 Aprili 2006, katika WrestleMania iliyofanyika karibu na Chicago, aliwashinda Kurt Angle na Randy Orton akatwaa mkanda, huku kila mara akinyoosha kidole juu kumkumbuka Eddie.

Ushindi huo uligusa nyoyo, lakini ulikuwa na ladha chungu. Katika hadithi iliyotungwa, Orton aliambiwa atamke hadharani kwamba Eddie yuko motoni. Vickie, mjane wa marehemu, aliingizwa naye katika maigizo. Bingwa mwenyewe alipangiwa kushindwa na majitu kama Mark Henry na Great Khali, na pambano lililompa ubingwa halikufika dakika kumi. Baada ya siku 112 alipoteza mkanda, hadithi ikimfanya Chavo awe ndiye msaliti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kampuni iliutumia msiba hadi mwisho, ikamnyima mrithi wa msiba huo heshima ya kuwa bingwa kamili.

Jambo lililobaki ni la kitabibu. Uchunguzi ulionesha kwamba moyo wa Eddie ulishindwa kwa sababu ya mishipa ya damu iliyoziba. Alikuwa ameacha ulevi na dawa za kulevya kwa miaka minne, lakini miaka ya nyuma ilikuwa imeshaacha madhara. Februari 2006 WWE ilitangaza utaratibu wa kuwapima wanamieleka dawa zilizokatazwa na kuichunguza mioyo yao. Utaratibu huo haukumwacha hata Rey, aliyesimamishwa kazi kwa siku 30 mwaka 2009 na kwa siku 60 mwaka 2012.

Aliondoka WWE mwaka 2015, akarejea mwaka 2018. Machi 2023 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa kampuni hiyo, akitambulishwa na Konnan, mwenzake wa usiku ule wa 1999. Siku iliyofuata alipambana na Dominik, mwanawe wa kumzaa, akamshinda. Barakoa ilikuwa usoni mwake siku zote mbili.