Gari Likinyanyuliwa Sentimita Tano, Nini Kinabadilika?

Oktoba 2016, jarida la magari la Uswidi liitwalo Teknikens Värld liliipeleka Toyota Hilux uwanjani kwa jaribio linalojulikana sana huko kaskazini. Dereva anakata usukani ghafla kukwepa kizuizi, kana kwamba mnyama mkubwa amechomoza porini, kisha anarudi mara moja kwenye njia yake. Kwenye mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa, magurudumu ya upande mmoja yaliinuka na gari likakaribia kupinduka. Baada ya Toyota kufanya marekebisho, mwaka 2017 Hilux ilirudi uwanjani na kufaulu.

Gari lile halikuwa limenyanyuliwa na fundi yeyote. Lilikuwa na kimo lilichopewa na wahandisi kiwandani, watu wenye kompyuta na viwanja vya majaribio. Sasa lifikirie gari la aina hiyo likiingia gereji ya Arusha, Nairobi au Muscat asubuhi na kutoka jioni likiwa na springi ndefu, tairi pana na hema juu ya paa. Linapendeza, na kwenye mto wenye mawe litapita pale wenzake wanapokwama. Lakini barabarani ni gari jingine kabisa.

Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, hupima hatari ya kupinduka kwa hesabu fupi. Upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia hugawanywa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Magari madogo ya kawaida hupata kati ya 1.3 na 1.5. Pikapu na magari marefu ya 4x4 mara nyingi huwa kati ya 1.0 na 1.3. Namba ikishuka, gari linapinduka kwa urahisi zaidi.

Tuchukue mfano wa gari la tani 2 lenye upana wa mm 1,500 kati ya magurudumu, kitovu cha uzito kikiwa mm 700 kutoka ardhini. Namba yake ni 1.07. Mwenye gari anafunga springi zinazolinyanyua mm 50. Kwa kuwa ekseli na magurudumu hubaki chini, kitovu cha uzito kinapanda mm 40 hivi. Anatoa tairi za 265/70R16 na kuweka 285/75R16. Kipenyo kinaongezeka mm 57, na gari zima linapanda nusu yake, yaani mm 28. Namba imeshuka hadi 0.98. Kisha inakuja keria, hema la juu, tairi ya akiba na dumu la mafuta, jumla kilo 100, vyote vimefungwa juu ya paa. Namba sasa ni 0.90.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kilo zile 100 za juu ya paa zimepandisha kitovu cha uzito kwa zaidi ya mm 60, kiasi kikubwa kuliko springi mpya zilivyofanya. Mtu anaweza kubishana na fundi wiki nzima kuhusu sentimita mbili za springi, halafu akapakia mzigo wa safari juu kabisa bila kuufikiria.

Na kona kali kwenye lami kavu siyo hatari kubwa kuliko zote. NHTSA inakadiria kwamba takriban asilimia 95 ya ajali ambazo gari moja hupinduka huanza pale gurudumu linapokwama kwenye kitu: ukingo wa lami, mtaro, udongo laini wa bega la barabara. Dereva wa Afrika Mashariki anazijua kingo hizo, pale lami ilipolika na kuacha ngazi. Gari refu likitoka nje ya lami na dereva akalirudisha kwa nguvu, gurudumu linashikwa na ukingo na uzito wa juu unamalizia kazi.

Usukani nao una habari yake. Gurudumu la mbele halisimami wima kabisa kwenye mhimili wake; mhimili huo umelazwa kidogo kuelekea nyuma, kama uma wa baiskeli, na hiyo ni moja ya sababu baiskeli hunyooka yenyewe hata mpandaji akiachia mikono. Kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser ya mfululizo wa 80 au Nissan Patrol ya zamani, kunyanyua springi huizungusha ekseli na kuupunguza ulalo huo. Kutoka kiwandani ulalo wenyewe ni wa nyuzi chache tu, na mm 50 za kunyanyua zinaweza kula karibu nyuzi 2. Matokeo yake ni gari linalotangatanga kwenye barabara kuu na usukani usiorudi katikati. Fundi anayeijua kazi hubadilisha bushi kwa zile zilizotobolewa pembeni ili kurudisha ulalo, hurekebisha fimbo inayoshikilia ekseli isisogee upande, na huhakikisha mipira ya breki inafika bila kuvutika. Kwenye Prado au Hilux, ambazo magurudumu yake ya mbele hayashiriki ekseli moja, sivijointi hulazimika kufanya kazi kwa pembe kali na mipira yake huchanika mapema.

Faida yenyewe pia inahitaji kuangaliwa vizuri. Springi ndefu huinua bodi, kwa hiyo bampa hazigongi kingo na tairi hupata nafasi ya kuzunguka. Difu kwenye ekseli nzima haipandi hata milimita moja, kwa sababu imekaa kwenye ekseli hiyo hiyo. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake.

Je, upana wa tairi? Eneo la tairi linalogusa ardhi huamuliwa hasa na uzito wa gari na upepo uliomo ndani. Kwa upepo ule ule, tairi pana hubadilisha zaidi umbo la eneo hilo: linakuwa fupi na pana. Kwenye mchanga wa jangwa la Sharqiya nchini Oman linasaidia. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Maasai Mara wakati wa mvua, tairi nyembamba inayokata tope hadi ardhi ngumu mara nyingi huvuta vizuri zaidi. Na kwenye lami yenye maji yaliyotuama, tairi pana huelea mapema.

Waaisilandi wameipeleka sayansi hii mbali kuliko watu wote. Kwenye barafu zao hutumia tairi za inchi 38 na zaidi, na hushusha upepo hadi PSI 3 au 4, kiasi cha kuifanya tairi ilale juu ya theluji. Kampuni ya Arctic Trucks, iliyoanzia huko mwaka 1990, ndiyo iliyoziandaa Hilux za kipindi cha televisheni cha Top Gear cha mwaka 2007 zilizofika mahali ilipokuwa ncha ya kaskazini ya sumaku mwaka 1996.

Tairi kubwa hudai malipo kwingine. Zile za 285/75R16 za mfano wetu zina kipenyo kilichozidi kwa asilimia 7. Dashibodi ikionyesha 50, gari linakwenda karibu 54, na tochi ya trafiki husoma mwendo halisi. Breki nazo, kwa nguvu ile ile ya mguu, hushika ardhi kwa nguvu pungufu kwa kiwango hicho hicho, huku zikisimamisha tairi nzito zaidi.

Ndiyo maana sheria hupima milimita. Jimbo la Queensland nchini Australia liliruhusu mwaka 2018 gari la 4x4 kupanda hadi mm 75 bila cheti: mm 50 za springi na mm 25 za tairi. Kuzidi hapo kunahitaji mtaalamu athibitishe. Ujerumani, kibali cha gari kutumia barabara hufutika iwapo mabadiliko yanatarajiwa kuhatarisha wengine. Kenya, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, ina utaratibu wa kubadilisha maelezo ya gari yaliyosajiliwa. Bima nayo imeandikwa kwa gari lililotajwa kwenye fomu. Mabadiliko yaliyofichwa yanaipa kampuni sababu ya kukataa kulipa.

Kwa mtu mwenye safari za kweli za porini, kifaa cha kwanza kununua ni geji ya upepo na pampu ndogo, kwa sababu kushusha upepo hufanya kazi kubwa kwenye mchanga bila kuongeza kimo hata kidogo. Akihitaji zaidi, achague tairi za ukubwa alioruhusu mtengenezaji. Springi zije mwisho, zisizidi mm 50, pamoja na bushi na mipira ya breki inayolingana nazo, na mzigo mzito ushuke kutoka kwenye paa uingie ndani. Kabla ya kurudi barabara kuu, upepo ujazwe tena, na kampuni ya bima iwe imeshapewa taarifa kwa maandishi.