Tuliokuwa Waimbaji Tusiwafungie Vijana Mlango

Mezani kwa kamati ya tawi letu ipo barua ambayo hadi leo haijajibiwa. Imeandikwa kwa mkono, kwa hati nzuri, na vijana saba wa mtaa wetu, wawili kati yao wakiwa wasichana. Hawaombi fedha wala ajira. Wanaomba ukumbi wa tawi, jioni tatu kwa wiki, wapate mahali pa kufanyia mazoezi ya bendi yao ya magitaa.

Barua hiyo ilizusha mjadala mkubwa. Wako wajumbe waliohofia kelele. Wako waliosema kuwa magitaa ya umeme si utamaduni wetu, na kwamba vijana wakizoea kipaza sauti watasahau msala. Sisi tulikuwapo katika kikao hicho na hatukunyanyua mkono. Tangu siku hiyo kimya chetu kimekuwa kikitusuta, kwa sababu sisi tunaoandika safu hii tuliwahi kuwa waimbaji wa bendi ya namna hiyo hiyo, na kwa hakika tunajua jambo ambalo wajumbe wenzetu hawalijui. Ni wajibu wetu kulisema.

Bendi yetu ilianza mwaka 2002, katika karakana ya seremala mmoja wa Ng'ambo aliyeturuhusu kuingia baada ya kufunga kazi zake. Tulikuwa vijana sita. Tulikuwa na magitaa matatu, la solo, la pili na la besi, drams zilizonunuliwa zikiwa kuukuu, na amplifaya moja iliyokuwa ikizimika kila ilipopata moto. Waya wa gitaa ulipokatika na dukani hamna, tuliazima waya wa breki ya baskeli. Muziki tulioupenda ni ule wa roki, ambao tuliusikia katika kanda zilizoachwa na wageni. Hata hivyo maneno yetu yalikuwa ya Kiswahili: tuliimba juu ya bei ya samaki, juu ya safari ya meli ya Pemba wakati wa kusi, na juu ya kijana aliyekwenda kuposa hali hana hata godoro.

Huenda msomaji akauliza sauti ile tuliipata wapi. Tuliipata chuoni. Miaka ya kusoma Kurani kwa tajwidi ilitufundisha kushusha pumzi mahali pake, kuvuta herufi inayostahili kuvutwa, na kutolimeza neno. Kasida za maulidi zilitufundisha kuitikiana. Skuli ya serikali ilitupa hati na hesabu, lakini koo letu lilifunguliwa na Maalim.

Maalim alipopata habari kwamba tunaimba, alituita baada ya sala ya Alasiri. Tulikwenda miguu ikitutetemeka. Hakutupiga wala hakutulaani. Alituketisha juu ya mkeka akasema, "Mwanangu, siwezi kukwambia kuwa jambo hili nalipenda. Lakini kama huliachi, basi usiimbe neno usiloweza kulitamka mbele ya mama yako, na adhana isikukute umeshika hicho kipaza sauti." Tuliyashika masharti hayo mawili mpaka siku ya mwisho ya bendi, na hatujui kanuni nyingine iliyotuongoza vizuri zaidi ya hiyo.

Sasa tuje katika hoja ya ugeni. Taarabu, ambayo leo kila mmoja wetu anaiita urithi wa mababu, ilifika na ala zake kutoka mbali. Udi na ganuni vilitoka nchi za Kiarabu. Fidla na kodiani zina asili ya Ulaya. Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, haikuyafanya hayo kuwa yetu kwa siku moja. Vijana wa wakati huo walikaa, wakajifunza, wakakosea, wakarudia, hadi ala za kigeni zikazungumza Kiswahili. Aidha, Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa katika sahani za santuri, chombo kile cha kurekodia nacho kilikuwa kigeni. Lakini kwa sababu ya chombo hicho, mwanamke aliyefariki mwaka 1950 angali anasikika hadi leo.

Na upande wa roki wenyewe, sisi tulielimishwa na mtalii. Ndiye aliyetuuliza kama tunaifahamu nyumba aliyokaa Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, ambaye aila yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 na ambaye dunia nzima ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Tulikuwa tukiimba muziki huo katika mji huo huo, na hakuna mtu mzima aliyepata kutueleza habari hizo. Mji usioweka kumbukumbu za watoto wake hufundishwa historia yake na wapitanjia.

Lakini hoja yetu kubwa leo si ya ala. Ni ya watu.

Kila mtu mzima wa visiwa hivi anaikumbuka hali ya siasa ya miaka ile. Watu walisusiana harusini na mazikoni. Walichagua duka la kununua sukari kwa kutazama bendera. Katika bendi yetu walikuwamo vijana wa vyama vyote viwili vikubwa. Sisi tulikuwa wa Umoja wa Vijana wa Chama chetu. Mpiga drams alikuwa wa upande wa pili, na hakuficha. Karakanani jambo hilo halikuwa na nafasi, kwani muziki hauendi ikiwa mpiga drams na mwimbaji hawasikilizani. Akitangulia, umepotea, ukimkimbia, umepotea vile vile.

Ulipokaribia uchaguzi wa Oktoba 2005, mzee mmoja wa upande wetu alituita akatuambia kuwa haifai kijana wa Chama kuonekana jukwaani pamoja na mtu yule. Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tulitii. Tulimwambia mwenzetu kwamba bendi imepumzika, kisha tukaendelea na mazoezi bila yeye, tukimpa kijana mwengine vijiti vyake. Miezi mitatu tulijidanganya. Nyimbo zilikuwa zile zile na maneno yale yale, lakini zilikuwa zikichechemea.

Uchaguzi ulipopita tulikwenda nyumbani kwake usiku, sote watano, kuomba radhi. Tulikuwa tumejitayarisha kutukanwa. Alitusikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ngoma zangu mmezifunika? Pale karakanani pana vumbi la mbao." Tulimjibu kwamba hatukuzifunika. Akachukua kitambaa, akatoka nasi. Hatukulizungumza tena jambo lile, lakini sisi hatujalisahau.

Kisha likaja giza. Umeme wa Unguja ulitegemea kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Bara mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 ulikatika kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa miezi mitatu bila ya umeme huo. Pampu za maji zilisimama, tukarudi visimani na madumu. Samaki waliharibika kwa kukosa barafu. Kila mwenye uwezo aliwasha jenereta, na asiyekuwa na uwezo aliwasha kandili.

Bendi ya magitaa ya umeme bila umeme ni kitu gani? Tulidhani kwamba tumekwisha. Lakini jioni ya pili au ya tatu, bila mtu kumwita mwenziwe, sote tulijikuta karakanani. Mpiga drams alipiga juu ya kasha la mbao. Gitaa la solo lilisikika kwa mbali kama mdudu wa usiku. Kwa kuwa hakukuwa na kipaza sauti, ilitulazimu kila mmoja ashushe sauti yake ili amsikie mwenziwe. Majirani walikuja wakakaa nje na viti vyao, wa vyama vyote viwili, maana kwenye giza hapana rangi ya shati. Mwezi mmoja tu kabla ya giza hilo, tarehe 5 Novemba 2009, viongozi wetu wawili wakuu, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, walikuwa wamekutana na kufungua njia ya maridhiano. Na tarehe 31 Julai 2010 zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura wakaunga mkono Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hatudai hata kidogo kwamba bendi ya vijana sita ilichangia mambo makubwa kama hayo. Tunachosema ni kwamba viongozi walipotutaka tukae pamoja, sisi sita tulikuwa tumekwisha kujifunza namna ya kukaa, na tulijifunzia pale penye vumbi la mbao.

Umeme uliporudi, bendi haikurudi. Mpiga besi alikuwa amekwenda Maskati kutafuta maisha. Amplifaya ilikuwa imeharibika. Seremala aliuza karakana. Tuliomba ukumbi mahali fulani tukaambiwa tungoje, na tukangoja mpaka tukaoa. Mwaka 2013 kebo mpya ya megawati 100 ilianza kazi, na leo giza la miezi mitatu ni hadithi ya kuwasimulia watoto. Tunaipongeza serikali kwa kazi hiyo. Lakini ule mlango tuliokuwa tukiubisha, hadi leo hatujaona kama umefunguliwa.

Mwaka jana tulimzika mpiga gitaa la solo. Baada ya khitma, mwanawe wa kiume alitujia akatuuliza kwa adabu kama tunayo kanda yoyote ambayo ndani yake babake anasikika akipiga. Hatukuwa nayo. Miaka minane ya mazoezi, na haukuwahi kurekodiwa wimbo hata mmoja. Sauti ya Siti tunaweza kuisikia baada ya miaka karibu mia moja. Gitaa la mwenzetu aliyeondoka jana hatulisikii. Tulimshika mkono yule kijana, tukakosa neno la kumwambia.

Kwa hiyo basi, tunapenda kuwaeleza wajumbe wenzetu, masheha, na maofisa wote wenye dhamana ya vijana na utamaduni, mambo machache yanayowezekana bila bajeti kubwa.

Kwanza, kumbi za matawi, za skuli na za shehia ambazo hufungwa kuanzia alasiri, zifunguliwe kwa vijana kwa ratiba iliyoandikwa. Wapige baada ya sala ya Alasiri na wanyamaze kabla ya Magharibi, na Mwezi Mtukufu wapumzike. Vijana hawayakatai masharti. Wanachokikataa ni kuachwa bila jibu.

Pili, kila ukumbi uwe na mtu mzima mmoja wa kuwasimamia, naye awe mtu anayeweza kusema nao kama Maalim alivyosema nasi, si wa kuwafukuza.

Tatu, ala chache zinunuliwe na kuwekwa katika daftari la mali ya ukumbi, ziazimwe na kurudishwa. Gitaa moja linaweza kuwafunza vijana ishirini.

Nne, redio zetu zitenge siku ya kuwarekodi vijana hawa mahali walipo, hata kama bado wanakosea, na kanda hizo zihifadhiwe. Asiyerekodiwa leo hatakuwapo kesho.

Na juu ya yote, pasiwepo mtu wa kuwauliza vijana hao kadi zao. Tunalisema hili tukiwa wanachama tunaokipenda Chama chetu, na tukiwa watu waliowahi kumpokonya mwenzao vijiti kwa sababu hiyo.

Kamati yetu inakutana tena Jumamosi ijayo. Barua ya vijana saba itakuwa mezani, na safari hii tutanyanyua mkono. Tunawaomba wasomaji wetu, katika kila shehia ya Unguja na Pemba, wakatazame nao kwenye majalada yao: huenda ikawamo barua kama hiyo, imeandikwa kwa hati nzuri, inangoja.